Karatasi ya Kisima cha Mama Mbuke

Mageni alipoingia dukani siku ile ya Alhamisi, kabla hata hajanisalimu aliniuliza kama saa yangu ya ukutani inasema kweli. Nikamwambia inawahi dakika tano. Akashusha pumzi kidogo. Ilikuwa saa sita na nusu. Mtambo wa kuchimba visima ulikuwa umeegeshwa pale sheli, upande wa kwenda Biharamulo, na saa nane ungeondoka Buseresere.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Kaa kwanza."

"Nikikaa nitachelewa."

"Kompyuta haimjui mtu aliyesimama. Kaa."

Akakaa. Kofia akaishika mapajani kama mtu aliye mbele ya hakimu.

Steshenari hii ni ya binti yangu Noela. Siku ile alikuwa amekwenda Geita kutafuta wino wa printa, akaniachia duka na onyo moja: uliobaki ni wa kurasa chache, nisikubali mtu aprinti picha za harusi. Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu. Kuandika naandika, kusoma nasoma polepole, na Kiingereza nakijua kwa sura tu, kama unavyomjua mtu mnayepishana sokoni kila wiki bila kuulizana majina. Lakini miaka mitatu kwenye kiti hiki imenifundisha tovuti za watu. Za mabasi, za vyuo, za makampuni ya huko mgodini. Nilichokuja kugundua ni kwamba zote zimejengwa kama kaya. Kuna geti, kuna uani, kuna mahali mgeni hapaswi kupita, na nyumba unayoitafuta huwa ile ya nyuma kabisa.

Sishiki mausi ya mteja. Namkalisha, namwelekeza njia, anakwenda mwenyewe. Noela hulalamika kwamba nachelewesha foleni. Namwambia aangalie wale niliowaelekeza mwezi uliopita: sasa hawaniulizi kitu, wananisalimu tu na kukaa.

"Haya, baba. Unakwenda kwa nani?"

Mageni akanieleza bila kupumzika. Kijijini kwao, mwendo wa saa nzima kwa pikipiki kutoka hapa, maji wanateka kwenye maduara, yale mashimo yaliyoachwa na wachimbaji wa dhahabu walipohama. Mvua imeyajaza. Kingo zake ni udongo mtupu, zimechongoka kama ukuta. Mke wake, Mbuke, yuko mwezi wa nane wa ujauzito, na kila asubuhi anashuka humo na ndoo.

"Si uende wewe?"

"Nakwenda, mama. Nikiwa kibaruani anakwenda yeye. Juzi aliteleza. Ndoo ikaenda na maji, yeye akabaki ameshika mzizi. Mzizi mwembamba hivi." Akanionyesha kidole chake kidogo.

Kisima kilikuwa kimeshakubaliwa. Wapimaji walikuja miezi miwili iliyopita, vibali vyote vikatoka. Ilibaki karatasi moja. Kampuni yenye mtambo iliwahi kuchimba kwenye shamba la mtu asiyehusika, ikawa ugomvi wa mwaka mzima, na tangu hapo wakaweka sheria: mwenye eneo aingie kwenye tovuti yao, athibitishe mahali, aprinti, aweke sahihi, karatasi ikabidhiwe kwa msimamizi wa mtambo. Bila karatasi mtambo haushuki kutoka barabarani. Ungekwenda zake Runzewe, kisha mbele zaidi, na kurudi ni baada ya masika.

"Na huyo msimamizi hawezi kuiprinti mwenyewe?"

"Nimemwomba. Kasema yeye ni mtu wa kuchimba, si mtu wa karatasi."

Nikamwelekeza mpaka getini. Hapo tovuti inaomba vitu viwili, namba ya mradi na jina kamili la mwenye eneo. Mageni akaandika namba kutoka kwenye simu yake, kidole kimoja, pole pole. Jina akaliandika haraka, akiwa ameinama mbele ya kioo kana kwamba anajikinga na upepo. Akabonyeza. Yakatoka maandishi mekundu. Akaandika tena, akabonyeza tena. Mekundu, na safari hii marefu zaidi. Nikavaa miwani, nikasoma neno moja moja: limebaki jaribio moja. Ukikosea, subiri saa ishirini na nne.

"Usiguse kitu," nikamwambia.

Nikaihakiki namba, tarakimu baada ya tarakimu. Ilikuwa sawa. Kisha nikatazama kisanduku cha jina. Kilikuwa kimeandikwa MAMA MBUKE.

"Baba, hili ndilo jina lake?"

"Ndivyo tunavyomwita."

"Mwenye eneo ni nani wako?"

Akaitazama kofia yake. "Ni mzazi wa mke wangu."

Basi nikaelewa. Huku kwetu mtu hamtaji mama mkwe wake kwa jina. Hali chakula mbele yake, hakai naye chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja huchepuka. Ni heshima, na sisi tuliokulia humo hatuioni kuwa mzigo. Lakini waliotengeneza tovuti ile walikaa mjini, wakaweka kisanduku wakaandika "jina kamili", wala hawakufikiri kwamba atakayekaa mbele yake anaweza kuwa mkwe.

"Si uliandike tu? Kuandika si kutamka."

"Mama, nikiliandika nitakuwa nimelitamka kwa vidole. Vidole kumi vyote."

"Wewe unatumia kimoja."

Akacheka bila kutaka, lakini hakuandika.

"Mpigie mkeo."

"Simu yake haina chaji."

"Mwenyekiti wa kijiji?"

"Yuko msibani, hapokei."

"Sasa huyo mwenyewe yuko wapi?"

Mageni akatazama sakafu, kisha mlango, kisha sakafu tena. "Kuna mama mmoja amekaa ng'ambo ya barabara, hapo kwa wauza viazi. Huenda yeye anajua."

Nikachungulia. Ng'ambo, kwenye kreti tupu la soda, alikuwa amekaa mwanamke wa umri wangu, kitenge cha kijani kichwani. Alikuwa ametupa mgongo kabisa, anatazama ukuta wa banda la viazi kama vile kuna sinema.

"Umekuja naye?"

"Tumekuja kwa barabara moja," akasema Mageni. "Yeye pikipiki yake, mimi yangu."

Nikavuka barabara.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu mama yule kwa Kisukuma.

"Mwadila." Akanisogezea kreti jingine. "Yule mtoto wa watu amefika wapi?"

"Amefika getini. Amekataliwa mara mbili."

"Kwani ameandika nini?"

"Mama Mbuke."

Akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yakatikisika. "Angeandika kingine ndipo ningeshangaa. Huyu amelelewa mjini, Kambarage kule Shinyanga, lakini adabu anayo kuliko hawa wa kwetu."

"Adabu yake ndiyo itatukosesha kisima."

Hapo akaacha kucheka. Akafungua fundo kwenye pindo la khanga yake, akatoa kitambulisho cha taifa kilichozungushiwa nailoni. Klara Makoye Lubinza. Nikamwomba niende nacho. Akanipa, na macho yake yakanifuata mpaka nilipofika mlangoni.

Ndani nikamwambia Mageni ageukie kalenda ya ukutani asome tarehe zote za mwezi ujao. Akageuka. Niliandika mwenyewe, herufi moja, natazama kitambulisho, herufi nyingine, natazama tena. Mausi sishiki, lakini kwa hili niliona herufi si mausi. Nilipomaliza nikalipitia jina mara tatu kutoka mwanzo, na mara ya nne kutoka mwisho. Mbuke yuko kijijini na mimba ya mwezi wa nane, na wote tunategemea kidole cha bibi wa darasa la tatu.

Nikabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Kisha kioo chote kikawa cheupe na tiki ya kijani katikati.

"Tumeingia," nikasema.

"Nigeuke?"

"Bado." Juu kwenye pembe palikuwa pameandikwa Karibu, na jina lote la mama mkwe wake, kwa herufi nene. Nikakata kipande cha karatasi, nikakibandika kwa selotepu juu ya kioo, pale pale kwenye jina. "Sasa geuka."

Aliona karatasi, akaelewa, hakuuliza. "Asante, mama," akasema kwa sauti ndogo.

"Haya, tembea. Hapa ni uani tu. Hao wanaocheka kwenye picha hawakuhusu, wapite. Hilo lori la bluu lipite. Umeona vimistari vitatu pale juu vimelaliana? Hapo ndipo mlango. Bonyeza."

Akabonyeza. Ikashuka orodha.

"Tafuta neno Miradi."

"Nimeliona."

"Bonyeza, halafu subiri. Usibonyeze mara ya pili kwa sababu haijafunguka. Inakuja."

Lakini kusubiri kulimshinda. Katika kijana mwenye haraka kuna ujuzi mdogo alioupata mahali fulani, na Mageni alikuwa amefundishwa sekondari kwamba ukishika vitufe viwili kwa pamoja kompyuta inaprinti. Akavishika. Printa ikanguruma. Ikatoka karatasi ya kwanza: lori la bluu, ukurasa mzima. Ikaanza ya pili: wale wanaocheka, meno yote nje. Nikainama chini ya meza nikachomoa waya.

Mageni akajishika kichwa.

"Mama, nimeharibu."

"Hujaharibu. Umepiga picha geti badala ya nyumba. Kila anayekuja hapa hufanya hivyo siku ya kwanza, na huyu Noela alifanya vilevile, ila hapendi nisimulie."

"Na wino?"

"Wino tutauona huko mbele. Endelea, tena pole pole."

Miradi ikafunguka, na ndani yake Karatasi ya Eneo. Ilikuwa picha iliyopigwa kutoka angani, miti kama mboga zilizomwagwa, mapaa, njia nyembamba. Juu yake wapimaji walikuwa wameweka alama mbili, moja na mbili. Namba moja ilikuwa na nyota na neno Inapendekezwa. Chini pameandikwa: mwenye eneo achague sehemu moja. Ukishaprinti huwezi kubadilisha.

Mkono wa Mageni ulikuwa tayari unakwenda kwenye namba moja.

"Wataalamu wamependekeza hii," akasema. "Maji yako karibu, mita sitini. Hata mimi niliwaonyesha mwenyewe, pako wazi, hapana hata mti."

"Soma hapo chini. Wamesema nani achague?"

"Mwenye eneo."

"Wewe ndiye mwenye eneo?"

"Mimi ni katibu wa kamati ya maji."

"Basi katibu apitie mlango wa nyuma."

Akatazama saa. Saa saba na dakika kumi na mbili. Akataka kubisha, nikaona maneno yamefika mdomoni. Kisha akanyanyuka, akapita kati ya maboksi ya madaftari, akatokea uani kwetu kwenye kamba za nguo. Nilipomsikia anasalimiana na kuku, nikaenda mlango wa mbele nikampungia mkono mama.

Klara aliingia, nikamrudishia kitambulisho chake, akatazama kiti. Sikumwambia aliyekuwa amekikalia, lakini alijua. Nikamletea kingine kutoka kwa fundi cherehani wa jirani.

"Sijawahi kushika hiki," akasema akitazama mausi.

"Umewahi kusaga kwa jiwe?"

"Nani hajawahi."

"Ni hivyo hivyo. Usikinyanyue, kisukume. Ukitaka kubonyeza, kidole tu."

Akasukuma. Mshale ukaruka mpaka pembeni ukapotea. Akaurudisha. Baada ya kidogo alikuwa anauzungusha kioo kizima, taratibu, kama mtu anayepanguza meza.

Kuisoma picha ndiko kulikuwa kazi. Hajawahi kuiona kaya yake kutoka juu, nani amewahi. Nikamwonyesha jua linapotokea. Nikamwonyesha barabara.

"Hiki kinachong'aa?"

"Bati."

"Basi ni kwa jirani yangu Stanslaus. La kwangu haling'ai tangu mwaka wa ukame." Akasogeza mshale kidogo kushoto. "Hapa. Huu ni ua wangu wa mnyaa. Hii jikoni. Hii njia ya ng'ombe." Akatabasamu, akaanza kutembea kwake kwa kidole juu ya kioo. Kidole kikafika kwenye namba moja, kikasimama.

"Wameweka nini hapa?"

"Ndipo wanapotaka kuchimba."

Nje muuza viazi alikuwa anabishana na mtu kuhusu gunia.

"Hapa palikuwa zizi la zamani," akasema mwisho. "Baba Mbuke amelala hapo."

"Hakuna alama?"

"Mawe matatu. Saruji nilisema nitaweka, mwaka ukapita, na mwingine. Siku ya wapimaji nilikuwa kliniki na mguu wangu. Huyu mtoto aliwazungusha peke yake." Akaondoa mkono kwenye mausi, akauweka mapajani. "Hakujua. Alioa huku marehemu amekwishapumzika, na mimi na yeye hatuzungumzi mambo hayo. Hatuzungumzi mambo yoyote."

Kidole cha Mageni kilikuwa kimebakiza upana wa punje ya mchele, na mimi nilimtoa nje kwa sababu tu ya sheria ya karatasi.

"Na hapa pa pili?" Klara akauliza.

"Ni nini hapo?" nikamrudishia swali.

"Shamba langu la karanga. Mwisho kabisa, kwenye mpaka."

"Unapatoa?"

"Karanga nitapanda kwingine. Kuna maji?"

Nikasoma. Ilinichukua muda. "Yapo. Ila yako chini zaidi. Mita themanini."

"Anayeshuka si mashine? Si mwanangu." Akashika mausi tena. "Nionyeshe pa kubonyeza."

Mara ya kwanza akabonyeza pembeni, juu ya paa la Stanslaus. Mara ya pili namba mbili ikazungukwa na duara la kijani. Akaniangalia kama anaomba ruhusa ya kupumua.

"Sasa shuka chini kabisa ya ukurasa," nikamwambia. "Umeona kijipicha cha printa, kama kiboksi chenye ulimi? Hicho, si kingine. Usibonyeze bado. Hicho kinaprinti karatasi, siyo geti."

Nilipomruhusu akakibonyeza, likafunguka dirisha la kuchagua. Nilikagua kila kitu kabla: ukurasa mmoja, rangi nyeusi, karatasi ilazwe kwa upana, maana picha ya angani ukiisimamisha inakatwa ubavu na namba mbili ingebaki nje. Saa saba na nusu.

"Bonyeza, mayu."

Akabonyeza. Hakuna kitu. Tukatazamana. Akabonyeza tena kabla sijamzuia. Kimya.

Kisha nikakumbuka waya. Nikainama chini ya meza kwa mara ya pili, magoti yakilalamika, nikauchomeka. Printa ikaamka, ikajipasha, ikavuta karatasi, ikatoa nusu ya juu safi kabisa, halafu ikaanza kufifia na kusimama. Taa ya wino ikawaka nyekundu.

Nikafungua kifuniko, nikatoa katriji, nikaishika kwa mikono miwili nikaanza kuiyumbisha kushoto na kulia, kushoto na kulia.

"Unambembeleza?" Klara akauliza.

"Namwomba. Bado anayo kidogo, amelala nayo upande mmoja."

Nikairudisha. Ile karatasi iliyokwama nikaivuta, nikaweka nyingine. Hapo ndipo kule kubonyeza mara mbili kulipotufaa, maana ya pili ilikuwa inasubiri zamu yake. Ikatoka polepole, tumeikodolea macho kama inazaliwa. Ilikuwa imepauka, lakini yote ilikuwemo: picha, namba mbili na duara lake, jina, mistari miwili ya sahihi, wa mwenye eneo na wa katibu. Nilipoigusa ilikuwa na joto.

Klara akaweka sahihi yake, ndefu, yenye mkia. Akaacha kalamu mezani, akatoka mlango wa mbele. Nikamwita Mageni kutoka kwa kuku. Kabla hajafika nilikunja sehemu ya chini ya karatasi, ile yenye jina, nikaacha mstari wa katibu.

Akaweka sahihi, kisha akaona duara.

"Mbili? Mama, wameweka nyota kwenye moja."

"Namba moja ndipo alipozikwa baba mkwe wako."

Mageni akakaa. Alikaa kwenye kiti cha fundi cherehani, kile alichotoka kukikalia Klara, bila kuangalia.

"Nilisimama pale na wapimaji," akasema. "Nikawaambia hapa pazuri. Nikapiga mguu chini hivi, kuwaonyesha udongo ulivyo imara."

"Ulipiga mguu kwa kutojua. Hakuna jembe lililogusa. Haya, peleka karatasi."

Akakimbia. Mimi nikasimama mlangoni. Ng'ambo, Klara naye alikuwa amesimama, safari hii ameacha ukuta, anatazama sheli. Tulimwona Mageni anazungumza na mtu mnene mwenye kofia ngumu ya njano. Mtu yule akaishika karatasi, akaipeleka kwenye mwanga, akatikisa kichwa. Kisha wote wawili wakaanza kuja kwetu, na moyo wangu ukashuka mpaka kwenye ndala.

Yule ndiye Kalisti, msimamizi wa mtambo.

"Shikamoo, mama. Hii umeprinti kwa maji?"

"Marahaba. Nimeprinti kwa wino uliokuwepo."

"Imefifia. Ofisini watanirudishia."

"Ofisini wana macho mangapi?" nikamwambia. "Njoo ukae hapa, nikuonyeshe asili yake. Ile pale, haijafungwa. Linganisha."

Hakuwa na haja ya kukaa, lakini alikaa. Akaweka karatasi karibu na kioo. Akafuata namba ya mradi kwa kidole. Akafuata duara. Akataka kubandua kipande changu cha selotepu, Mageni akageukia kalenda kabla hajaambiwa. Kalisti akasoma jina kimoyomoyo, akalilinganisha na la kwenye karatasi, akakirudisha kipande.

"Namba mbili. Mita themanini. Hiyo hatumalizi leo, tutamaliza kesho jioni." Akatoa kalamu mfukoni, akatia sahihi yake. "Iko sawa. Nitawaandikia kwamba nimeihakiki kwenye tovuti."

Mageni alikuwa bado ameitazama kalenda, na nikaona mabega yake yanashuka taratibu, kama mzigo unaoteremshwa na watu wawili.

Saa nane kasoro dakika nane lori la mtambo lilikuja mpaka mbele ya duka kumchukua Mageni awe mwonyesha njia. Kalisti akamwona Klara anakwenda kupanda pikipiki yake.

"Mama, njoo upande hapa mbele na mkweo," akamwita. "Nafasi ipo, mtakaa wote."

Mageni akageukia dirisha la upande wa pili. Klara akaanza kukung'uta khanga yake ambayo haikuwa na vumbi. Dereva akamtazama Kalisti.

"Wewe ni wa wapi, baba?" nikamuuliza.

"Tanga, mama."

"Sawa. Nenda tu. Yeye ana pikipiki yake."

Wakaondoka, lori mbele, pikipiki nyuma, mita kama hamsini kati yao. Nilikaa kwenye kiti changu nikagundua kwamba sijanywa hata maji tangu asubuhi. Nikanywa vikombe viwili. Kisha nikabandua kile kipande cha selotepu, nikafunga tovuti ya watu, nikachukua lile lori la bluu lililoprintiwa bure nikaliandika mgongoni bei za madaftari.

Jumanne iliyofuata, saa kumi na moja jioni, simu yangu ikaita. Alikuwa Mageni. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu na chuma kinachogonga chuma, ko, ko, ko, na watoto wanaogombea zamu.

"Mama, pampu wamefunga leo mchana."

"Maji yakoje?"

"Baridi. Meupe. Unaona mpaka chini ya ndoo."

"Na yeye, mzazi wa mke wako?"

"Ndiye wa kwanza aliyeteka. Mimi nilisimama mbali. Ametuma mtoto aniletee kikombe."

Nikamwambia ampe Mbuke simu nimsalimie.

"Ningempa, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa imelegea kabisa, ya mtu aliyekaa chini. "Anaoga. Ameingia na ndoo mbili tangu saa tisa. Nimemwita mara tatu, anasema bado."